Kikombe Kilichomrudia Fundi Sekunde

Zamani mtu aliangalia saa mkononi akajua amechelewa. Siku hizi anaangalia simu akasahau hata alikokuwa anakwenda.

Nina haki ya kusema hivyo, maana miaka thelathini na mmoja nilitengana na fundi saa kwa ubao mmoja tu. Tulikuwa kwenye ujia mwembamba nyuma ya posta, yeye kulia, mimi kushoto, na ule ubao katikati tuliutoboa tundu la kupitishia chai. Mimi ni mshona viatu. Niseme nilikuwa, kwa sababu siku hizi kiatu hakishonwi. Kinabandikwa kwa gundi kama bahasha, na mvua ya kwanza kinafunguka kama bahasha. Shule niliishia darasa la pili. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia viatu, kwa hiyo msomaji akikuta neno limekaa vibaya anisamehe, gazeti lilikuwa limechanika hapo.

Yeye watu walimwita Fundi Sekunde. Ukimwuliza saa ngapi, hakukwambia saa nne na robo kama binadamu wengine. Alikwambia saa nne, dakika kumi na nne, sekunde arobaini, kisha akaongeza, "Ulivyochelewa kuitikia, hamsini." Mtu mwembamba, shingo imelalia upande wa kushoto kwa mazoea ya kusikiliza. Kabla ya kufungua saa aliiweka sikioni kwanza, akatoa hukumu. "Hii inakohoa." "Hii inachechemea, mwenyewe ameiangusha anasingizia mtoto."

Mezani pake palikuwa na kibano, bisibisi nyembamba kama sindano, brashi ya kupangusia vumbi, na bilauri tatu ndogo. Saa ikishafunguliwa tumbo, hufunikwa kwa bilauri iliyopinduliwa, vumbi lisiingie. Na bilauri hizo hizo ndizo alizonywea. Kwa hiyo sikuhitaji kumuuliza hali yake. Bilauri zikiwa zimepinduliwa juu ya saa, Fundi yupo. Zikisimama wima, Fundi hayupo, hata kama umemkuta amekaa hapo anakutazama.

Kuna jambo wateja hawakulijua. Mkono wake ulitulia alipokunywa. Asubuhi ukiwa mkavu ulitetemeka kama jani. Akishateremsha bilauri mbili za pombe kali, unatulia kama mkono wa daktari mpasuaji. "Kaka," aliniambia kupitia lile tundu, "mashine bila mafuta haiendi." Wateja walimsifia utulivu wake. Mimi niliyesikia kizibo kikifunguliwa saa mbili asubuhi ndiye niliyejua utulivu ule ulitoka wapi. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana mimi mwenyewe siku ya siku nililisahau.

Mkewe alikuwa mfua mashuka hospitalini, mwanamke mcheshi aliyempigia mumewe kelele mpaka posta wakafunga dirisha. Aliugua muda mrefu, na Fundi alimwuguza kwa njia aliyoijua, yaani kwa kunywa. Siku ya maziko alifika amelewa. Aliteleza kwenye udongo uliofukuliwa, na kama wachimba kaburi hawangemdaka mkanda, angemtangulia mkewe shimoni. Binti yao, wa miaka kumi na minne, alimtazama baba yake pale ukingoni, kisha akamshika shangazi yake mkono wakaondoka. Hakurudi.

Kanisa nalo likamtenga. Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwani ndiyo iliyozaa yote. Siku ya Meza ya Bwana tunapiga magoti mbele, bega kwa bega. Mchungaji anapita na mkate, halafu anapita na kikombe, kikombe kimoja kwa wote, tajiri na maskini, mwenye meno na kibogoyo. Nyuma yake anafuata mzee wa kanisa na kitambaa cheupe, anafuta ukingo baada ya kila mdomo. Mzee huyo nilikuwa mimi. Aliyetengwa anaruhusiwa kupiga magoti na wenzake, ila mkate na kikombe vinampita. Na kikombe kikimpita mtu, kanisa zima linajua.

Miaka tisa kilimpita Fundi. Miaka tisa alikuja, mkavu au amelewa, akapiga magoti, akafumba macho, nasi tukampita. Nilijifunza kupita bila kumtazama kisogo.

Alivyoacha pombe hakukuwa na radi wala malaika. Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa napiga kisigino cha kiatu cha mwalimu mmoja, mara nikaona shingo ya chupa inachungulia kwenye tundu la chai.

"Ishike, Kaka," alisema.

"Nifanye nini nayo? Mimi hata soda inanipiga."

"Ishike tu. Na usinirudishie, hata nikikulilia."

Nikaimwaga mtaroni. Na alinililia kweli. Siku nne mtu mzima aligonga ule ubao akiniita majina yote, kuanzia malaika wangu mpaka mwizi. Siku ya tano akagonga taratibu akaomba chai.

Ndipo akajiunga na watu wa Alhamisi. Walikutana saa kumi jioni katika chumba cha shule ya Jumapili, na kwa kuwa viti vya chumba kile ni vya watoto, ungewakuta wanaume wazima wamekaa magoti yakigusa ndevu. Aliyewaongoza tulimwita Mama Mshauri, aliyekuwa msimamizi wa bweni la wasichana na ambaye mumewe aliuawa na chupa. Sheria yake ilikuwa moja. Kila mtu aseme moyo wake uko vipi leo, na haruhusiwi kujibu "salama."

Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi tumelelewa hivi: ukiulizwa habari, jibu ni nzuri. Nyumba imeungua, unajibu nzuri, ila tu nyumba imeungua. Umefiwa, nzuri, ila tumezika jana. Huo ndio uungwana. Sasa mwanamume na mvi zake anakaa kwenye kiti cha mtoto anasema, "Leo moyo wangu una woga"?

"Mnacheza kombolela huko au mnaomba?" nilimchokoza.

"Tunaomba pia," alisema. "Lakini Mama Mshauri anasema huwezi kumpa Mungu kitu ambacho unakificha mgongoni."

"Na wewe umeficha nini?"

"Kaka, mimi sijawahi kumlilia mke wangu. Siku ile nilikuwa nimelewa. Nimeanza kulia juzi, miaka tisa baadaye, kwenye kile kiti. Nimechelewa, eti? Mimi, fundi saa!"

Nikamwambia aliyeokoka anafuta machozi anasonga mbele. Wenye busara walitufundisha hivyo, nami nilipofiwa na mke wangu nilifuta nikasonga. Alipitisha kikombe cha chai kwenye tundu, mkono ukitetemeka, nusu ikamwagikia soli zangu.

Maana sasa mkono ulitetemeka kutwa. Miezi saba hakufungua saa hata moja. Alibadilisha mikanda na betri tu, kazi ya mwanafunzi. Watu wakasema ufundi umemtoka pamoja na pombe. Bilauri zake tatu zilikaa zimepinduliwa mezani, hazifuniki kitu.

Mwezi wa nane binti yake akaja. Alikuwa amekwisha kuwa muuguzi katika hospitali ile ile aliyofulia mama yake, viatu vyeupe, saa ndogo ya wauguzi inaning'inia kifuani kichwa chini miguu juu. Alisimama mlangoni pa baba yake, hakuingia.

"Imesimama," alisema, akaifungua ile saa kifuani.

Fundi akaiweka sikioni. Alichelewa sana kuiondoa sikioni.

"Nitaiangalia, mama," alisema.

Aliitengeneza kwa siku kumi na moja, saa ambayo zamani angeimaliza kabla chai haijapoa. Siku ya sita aliangusha skrubu ndogo kama yai la chawa. Nilizunguka upande wake, tukapiga magoti wote wawili, tukapapasa sakafu kwa sumaku ya spika ya redio. Karani wa posta akapita akatuuliza, "Wazee, mnaomba mvua?"

"Tunaomba skrubu," Fundi akamjibu. "Mvua ni rahisi, inaonekana."

Tuliipata kwenye upindo wa suruali yangu. Siku ya kumi na moja binti alikuja, akaivaa, akaitazama mshale ukitembea. Wiki ile ile alihamia kwa baba yake na sanduku moja. Aliweka sharti mbele yangu, niwe shahidi.

"Baba Mkubwa, sikiliza na wewe. Baba, sitakuuliza umetoka wapi wala umekaa na nani. Lakini siku nikiisikia pombe kwako, hata harufu, nafunga sanduku. Nilizika mzazi mmoja, na wa pili nilimzika siku hiyo hiyo. Siziki mara ya tatu."

"Umesema, mama," Fundi alijibu. "Nimesikia."

Wakaishi. Niliwaona jioni wakirudi pamoja, yeye amebeba kikapu cha binti, wanabishana kwa sauti kuhusu nani ameunguza maharage. Fundi alinenepa shingo. Akaanza kupokea saa za kweli.

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kutimia, baraza la wazee liliamua kumrudisha kundini. Nililileta jambo hilo mwenyewe, nikalisimamia, maana nilikuwa nimempita miaka kumi na nilikuwa nimechoka kumpita. Siku zile mchungaji wetu, kijana mwenye kompyuta, alitaka tuache kikombe kimoja, tutumie vikombe vya plastiki na juisi ya zabibu ya pakiti. Nilimpinga mpaka mishipa ikanisimama. Viatu vya kushona vimekwenda. Saa za kujaza zinakwenda. Barua zimekwenda, na posta yenyewe imebaki kulipia umeme. Nilisema, kikombe hiki hakiendi nikiwa hai. Wenzangu wakaniunga mkono, nikarudi ujiani kwetu natembea kama jogoo.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili yake, Fundi aligonga ubao.

"Kaka, nina ombi."

"Sema."

"Jumapili kikombe kikifika kwangu, mwambie mchungaji anipite. Nitakula mkate. Mkate unanitosha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaweka nyundo chini, nikazunguka upande wake.

"Kikupite? Miaka kumi kimekupita kwa aibu. Leo kinakurudia, unasema kikupite? Watu watasemaje? Watasema bado umetengwa."

"Waseme."

"Na mimi niliyekusimamia?"

Aliondoa lenzi jichoni. "Kaka, ile ni divai."

"Ile ni damu ya Bwana. Haijawahi kumlewesha mtu."

"Sijasema Bwana analewesha. Nasema ulimi wangu haujui tofauti."

"Hayo ndiyo wanayokufundisha kwenye viti vya watoto?"

"Mwili wangu ndio umenifundisha." Alitazama mikono yake. "Naogopa, Kaka. Nakwambia wewe kwa sababu nimefundishwa niseme. Naogopa sana."

Hapo, msomaji, ndipo nilipopewa nafasi yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtu anayenionyesha kidonda chake mchana kweupe. Nami nikamjibu kama mtu anayesoma bango.

"Mwenye imani haogopi," nilisema. "Kunywa kwa imani, haitakudhuru. Ukikataa utaniumiza, nakwambia ukweli."

Alirudisha lenzi jichoni. "Haya, Kaka," alisema.

Jumapili kanisa lilijaa. Binti yake alibadilishana zamu, akakaa benchi la tatu, saa kifuani. Fundi alipiga magoti katikati ya mstari, shati jeupe, kola imembana. Akala mkate. Mchungaji akafika na kikombe. Fundi alifumbua macho, na hakumtazama mchungaji. Alinitazama mimi niliyeshika kitambaa.

Angetikisa kichwa tu, mchungaji angempita. Ningetikisa mimi, angempita pia. Badala yake nilimwitikia kwa kichwa, taratibu, kama unavyomhimiza mtoto ameze dawa.

Akanywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nyuma wakapiga vigelegele, kwaya ikadaka wimbo, na mimi nikafuta ukingo wa kikombe machozi yakinilengalenga. Nilikuwa na furaha, Mungu anajua. Nilijiona nimemrudisha ndugu nyumbani.

Jumatatu hakufungua. Jumanne alifungua mapema kuliko mimi. Nilichungulia kwenye tundu nikamkuta ameinamia saa ya mteja, kibano mkononi, na mkono haukutetemeka hata chembe. Ulitulia tuli.

"Unaona?" nilimwambia, nikicheka. "Unaona mkono ulivyotulia? Si nilikwambia?"

Nilirudi kwenye kiatu changu nikaanza kupiga mluzi wa tenzi. Nilipiga beti mbili nzima kabla mluzi haujanikauka mdomoni. Nikainuka, nikachungulia tena. Saa ilikuwa wazi mezani, tumbo nje, vumbi la ujia likiiangukia. Haikufunikwa. Bilauri zote tatu zilikuwa zimesimama wima.

Alhamisi mchana binti alikuja kwangu na sanduku lake. Hakuwa analia. Ningependa kama angelia.

"Baba Mkubwa, alikuomba?"

"Aliniomba nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Alikuomba kikombe kimpite?"

"Aliniomba."

"Jumamosi nilimwambia, Baba, usiende basi, jifanye mgonjwa, mimi ni muuguzi nitakuandikia. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Nisipokwenda, Kaka ataumia.'" Alibadilisha sanduku mkono. "Hakunywa kwa ajili ya Bwana, wala kwa ajili ya kanisa. Alikunywa usiumie wewe."

"Mama, mimi nilidhani…"

"Najua ulichodhani. Na mimi nilisema nitaondoka, kwa hiyo naondoka. Nikikaa ataniona muongo, na akiniona muongo hana tena kitu cha kushika."

Akaondoka kwa mwendo wa watu wa hospitali, haraka bila kukimbia. Nilimsikia Fundi upande wa pili. Alisikia kila neno kupitia lile tundu. Alichomeka kitambaa, akaliziba.

Sitasimulia miezi mitano iliyofuata. Walioishi na mlevi wanaijua, na wengine hawana haja nayo. Mama Mshauri alimfuata kila Alhamisi mpaka mlangoni, akagonga, akarudi. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mzee, njoo ukae nasi." Nilikwenda mara moja. Nilikaa kwenye kile kiti, magoti yakigusa ndevu. Zamu yangu ilipofika akaniuliza moyo wangu uko vipi.

"Salama," nilisema.

"Hapa hatuna salama, Mzee."

Nilifungua mdomo. Kulikuwa na mke wangu humo, na Fundi, na ujia wote ule uliokauka watu, na kikombe nilichokitetea kama kwamba nikikishikilia hakuna kingine kitakachoondoka. Sikujua pa kuanzia kuvuta. Nikainuka, nikaaga kwa adabu, nikatoka.

Baraza lilipokutana tena, niliunga mkono vikombe vya plastiki. Mchungaji alinishangaa, wenzangu wakaniita msaliti. Siku hizi tunakunywa juisi ya pakiti, tamu kama dawa ya kikohozi, na kila ninapoimeza nakikumbuka kile kingine, na najua ni haki yangu kukikosa.

Wakaja kuniambia Fundi amelazwa, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Alikuwa ameomba Meza ya Bwana, na ameniomba mimi. Nilikwenda saa tisa alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, na mkate kwenye kitambaa cheupe. Wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho karibu na sinki. Binti yake alikuwa kando ya kitanda amevaa sare. Alikuwa ameomba apangiwe wodi ile. Alinisalimu, "Shikamoo, Baba Mkubwa," kwa sauti isiyo na baridi wala joto, akanisogezea kiti.

Nilimega mkate, nikaulowesha kwa maji ya kijiko ili aumeze. Alitafuna muda mrefu. Akanitazama mikono.

"Na kikombe, Kaka?"

"Sikuja nacho," nilisema. "Mkate unatosha."

Alicheka, kicheko cha pumzi tu, bila sauti. "Umechelewa miezi mitano," alisema. "Na ulivyokaa miaka yote ile jirani na fundi saa!"

Nilicheka nami, na kicheko kilipofika katikati kikavunjika. Nilimwambia lile neno ambalo kwenye kiti cha watoto lilinishinda. Nilimwambia naogopa.

"Ee," alisema. "Sasa umesema." Akafumba macho, akaniachia mkono wake nje ya shuka. Ulikuwa unatetemeka. Nilifurahi kuuona ukitetemeka.

Kengele ya kufunga ikalia, wageni tukatolewa. Mlangoni niligeuka. Binti alikuwa amekaa kwenye kile kiti changu, ameshika kiganja cha baba yake kwa vidole viwili, anahesabu mapigo. Kwa mkono mwingine ameinua ile saa kutoka kifuani, ameinamisha shingo upande wa kushoto, midomo yake inatembea pamoja na mshale. Dakika moja inatosha kwa kazi ile. Dakika ilipita, akaendelea kuhesabu.